Tanuri la Ombwe na Embe la Garsen: Istilahi za Kiswahili Zipimwe kwa Usalama wa Mtumiaji

Utangulizi

Kila msimu wa maembe uwadiapo katika kingo za Mto Tana, kuanzia Ngao na Tarasaa hadi Wema, Hewani na Ozi, jambo moja hujirudia. Miembe huzaa kwa wakati mmoja, soko hujaa kwa wakati mmoja, na bei huanguka kwa wakati mmoja. Barabara itokayo Garsen kwenda Malindi, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, ndiyo tegemeo kuu la mkulima anayesubiri lori. Mto ukifura, kama ulivyofura mwaka 1997 na 1998, mwaka 2018, na tena mwishoni mwa mwaka 2023, njia hufungika na tunda huozea chini ya mti uliolizaa. Ndiyo maana wakulima wamekuwa wakihimizwa kukausha maembe. Embe lililokaushwa vyema halina haraka ya kusubiri lori.

Hata hivyo, embe likishakaushwa huzuka swali ambalo macho na vidole haviwezi kulijibu: je, limekauka kiasi gani? Mnunuzi hutaka jibu la nambari, na nambari hiyo hutolewa maabarani. Chombo kinachoaminika kuitoa kwa matunda yenye sukari nyingi ni tanuri la ombwe, yaani tanuri linalokausha kitu ndani ya chumba kilichoondolewa hewa. Makala haya yanaeleza jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi na jinsi kinavyoendeshwa kwa usalama. Aidha, yanadai kuwa wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili wametumia muda mwingi kujadili majina ya vyombo vya sayansi, na muda mchache mno kuandika maelekezo ambayo mtu anayevishika anaweza kuyasoma na kuyafuata. Istilahi isiyofika mkononi mwa mtumiaji haijamaliza safari yake.

Kwa nini embe linahitaji ombwe

Kanuni ya kupima unyevu ni nyepesi. Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa mpaka isipungue tena, kisha hupimwa mara ya pili. Uzito uliopotea huhesabiwa kuwa ni maji. Kwa nafaka kama mahindi, tanuri la kawaida lenye joto la zaidi ya nyuzi 100 za Selisiasi hutosha. Embe, kwa upande wake, lina sukari nyingi. Sukari ya matunda ikipata joto kali huanza kuvunjika, na katika kuvunjika huko hupoteza uzito ambao hautokani na unyevu uliokuwamo katika tunda. Mizani haina uwezo wa kutofautisha maji yaliyoondoka na sukari iliyoungua. Kila kilichopotea huandikwa "maji", na tunda lililokauka barabara huonekana kana kwamba bado ni bichi.

Madhara ya kosa hilo humwangukia mkulima. Ichukuliwe kwamba kikundi cha wakulima wa Ngao kimekausha kilo 100 za nyama ya embe. Takribani asilimia 83 ya nyama hiyo ni maji. Kwa hiyo kitu kikavu ni kilo 17 tu. Wakikausha mpaka unyevu uwe asilimia 15, watabaki na kilo 20 za kuuza. Iwapo kipimo chenye kosa kitawaambia kwamba unyevu bado uko juu, nao wakaendelea kukausha mpaka ufike asilimia 10, watabaki na takribani kilo 18.9. Zaidi ya kilo moja katika kila kilo 20 itakuwa imepotea, pamoja na kuni au siku za jua zilizotumika. Kosa likielekea upande wa pili, tunda lenye maji mengi litafungwa katika mifuko likiaminiwa kuwa ni kavu, na ukungu utalimaliza kabla halijafika Mombasa. Kwa vyovyote vile, nambari mbaya ni hasara kwa mtu ambaye hakuwapo ilipotolewa.

Kwa sababu hiyo, njia inayokubalika kimataifa ya kupima unyevu wa matunda makavu hutumia joto la nyuzi 70 tu, ndani ya tanuri ambalo kanieneo yake haizidi milimita 100 za zebaki. Kanieneo ya kawaida ya hewa katika usawa wa bahari ni milimita 760. Je, maji hutokaje upesi katika joto la nyuzi 70, ilhali kila mtoto wa shule anajua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100?

Mto Tana wenyewe unaweza kulijibu swali hilo. Sehemu ya maji yake hutoka katika Mlima Kenya. Mpanda mlima anayechemsha chai karibu na kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, atayaona maji yakitokota kwa takribani nyuzi 83. Jijini Nairobi yatatokota kwa takribani nyuzi 94. Yakiteremka mpaka Garsen, karibu na usawa wa bahari, yatasubiri mpaka nyuzi 100. Maji ni yale yale. Kilichobadilika ni uzito wa hewa unaoyakandamiza. Hewa ikipungua, maji hupata wepesi wa kugeuka mvuke. Tanuri la ombwe huipunguza hewa kupita kiasi cha kilele chochote cha dunia. Katika milimita 100 za zebaki maji huchemka kwa takribani nyuzi 52. Kwa hiyo nyuzi 70 hutosha kuyatoa, nayo sukari ya embe husalimika.

Chombo na viungo vyake

Tanuri hili ni sanduku la chuma kisichoshika kutu, lenye kuta nene na mlango mmoja. Mlangoni mna kioo kinene cha kutazamia, na ukingo wake umezungukwa na mpira laini unaoziba upenyo wote. Ndani mna rafu za chuma. Nje mna pampu iliyounganishwa kwa bomba, saa ya kuonyesha kanieneo, kipimajoto, na vali mbili: moja hufungua njia ya kwenda kwenye pampu, nyingine huruhusu hewa kurudi ndani. Baina ya tanuri na pampu huwekwa mtego wa mvuke, yaani chombo baridi kinachoyageuza mvuke kuwa maji kabla hayajaingia katika mafuta ya pampu na kuyaharibu.

Jambo moja huwakanganya wengi. Katika tanuri la mkate, hewa moto ndiyo inayolibeba joto na kulisambaza. Hewa ikiondolewa, mbebaji huyo hayupo tena. Joto hufika kwenye sampuli kwa kugusana na rafu na kwa miale inayotoka katika kuta. Kutokana na hali hiyo, sahani ya sampuli inapaswa kukaa sawasawa juu ya chuma, na sampuli kutandazwa nyembamba. Atakayerundika vipande vya embe kama anayejaza kikapu atapata tabaka la chini lililokauka na la juu lenye maji.

Hatari isiyoonekana

Hatari ya moto kila mtu huijua. Hatari ya ombwe haina moshi wala sauti. Katika karne ya 17, Otto von Guericke wa mji wa Magdeburg aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba, akaiondoa hewa iliyokuwamo ndani, na farasi waliovuta pande mbili wakashindwa kuzitenganisha. Hazikuwa zimeshikamanishwa na gundi wala misumari. Zilishikwa na hewa ya nje tu.

Hewa hiyo hiyo huukandamiza mlango wa tanuri. Kioo chenye upana wa sentimita 30 na urefu wa sentimita 30, kanieneo ya ndani ikiwa milimita 100 za zebaki, hubeba nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 800. Huo ni uzito wa takribani magunia tisa ya mahindi ya kilo 90 kila moja, yaliyopangwa juu ya dirisha dogo. Kioo kizima huubeba. Kioo chenye mkwaruzo mrefu au ufa mdogo kinaweza kupasuka ghafla. Vipande hukimbilia ndani, kisha huruka na kutoka nje. Anayekiinamia wakati huo bila miwani ya kinga huyaweka macho yake rehani.

Maelekezo ya kuzuia ajali hiyo si marefu. Yafuatayo yameandikwa kwa makusudi katika Kiswahili ambacho mtu aliyemaliza shule ya msingi anaweza kukisoma:

1. Vaa miwani ya kinga kabla ya kuligusa tanuri. Tazama kioo. Kikiwa na ufa au mkwaruzo mkubwa, usiliwashe; mwite msimamizi.

2. Futa mpira wa mlango. Punje moja ya mchanga inatosha kupitisha hewa.

3. Tandaza sampuli nyembamba na usijaze sahani. Hewa inapoondolewa, kitu chenye maji mengi huweza kufura na kumwagika.

4. Usiweke ndani spiriti, petroli wala kimiminika chochote kinachoshika moto, ila kama tanuri limetengenezwa kwa kazi hiyo na msimamizi ameruhusu.

5. Funga mlango. Washa pampu na ufungue vali yake polepole huku ukitazama saa ya kanieneo. Usifungue kwa ghafla.

6. Weka joto linalotakiwa. Usiondoke kabla joto na kanieneo havijatulia.

7. Kazi ikiisha, zima joto. Funga vali ya pampu kwanza, ndipo uizime pampu. Ukigeuza mpangilio huu, mafuta ya pampu yanaweza kuvutwa na kuingia ndani ya tanuri.

8. Fungua vali ya hewa polepole. Subiri saa ionyeshe kwamba kanieneo ya ndani ni sawa na ya nje. Mlango usipofunguka, usiuvute kwa nguvu. Ndani bado hamna hewa ya kutosha.

9. Vaa glavu za joto. Toa sahani, uiweke ndani ya kikaushio mpaka ipoe, ndipo uipime. Embe kavu likiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa ya Pwani na kuharibu kipimo.

Mambo ni tisa tu, na hakuna hata moja linalohitaji lugha ya kigeni.

Jina na maelekezo

Hapana shaka kwamba kazi ya kuunda istilahi ni ya lazima. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 1990 ni ushahidi kuwa kazi hiyo ilianza zamani na kwa uzito unaostahili. Lakini njia ya istilahi mitaani ina mizungu yake. Neno "ombwe" limefahamika kwa wasomaji wengi kupitia magazeti, ambako huandikwa kuhusu "ombwe la uongozi". Siasa ililichukua neno la fizikia na kulivalisha joho kabla maabara haijalipokea. "Utupu" lingeweza kufaa, lakini mtu wa Garsen akiambiwa kuna "tanuri la utupu" atacheka kwanza, kwa kuwa utupu kwake ni hali ya kukosa nguo. Ombwe halina aibu hiyo, na kwa hivyo linastahili kupewa nafasi.

Kuhusu kanieneo, hali ni tofauti. Neno hili limezoeleka katika vitabu vya Tanzania; Kenya wengi husema shinikizo, na takribani kila mtu, awe wa Garsen au wa Tanga, husema presha. Mwanaisimu anaweza kulitetea kanieneo kwa hoja nzito. Hata hivyo, karatasi inayobandikwa ukutani kando ya mashine si ukumbi wa kutetea hoja. Ikiwa msomaji wake analijua neno presha, basi karatasi iseme "kanieneo (presha)" mpaka neno la kwanza lizoeleke. Usanifu wa lugha haupotezi hadhi kwa kumhurumia msomaji.

Vilevile, haifai kudhani kwamba elimu ya kukausha inakuja Tana River kutoka nje ikiwa mpya kabisa. Kiswahili kinatofautisha kuanika, kukausha na kubanika. Kina ng'onda kwa samaki aliyepasuliwa na kukaushwa juani. Kina achari kwa embe lililohifadhiwa kwa chumvi na pilipili. Kipokomo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la lugha za Sabaki, kimeishi na kilimo cha kingo za mto kwa karne nyingi. Waorma nao, wanaozungumza lugha ya Kikushi, wana maarifa yao ya kuhifadhi nyama na maziwa. Garsen ni njia panda ya watu hawa wote, na lugha inayowakutanisha sokoni ni Kiswahili. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka maneno ya unyevu na ukavu asianze na kamusi ya Kiingereza. Aanze na mama anayeligusa embe juu ya jamvi na kusema bado halijawa.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kuwa lugha ya maabara ni Kiingereza, na anayetaka kufanya kazi humo ajifunze. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake: mtafiti atakayechapisha matokeo yake duniani hatakwepa Kiingereza. Lakini tanuri haliendeshwi na mtafiti peke yake. Lipo pia mikononi mwa msaidizi anayeliwasha alfajiri, mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo, na mfagizi anayelipangusa kioo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe taarifa, maelekezo, mafunzo na usimamizi kadiri inavyohitajika kwa usalama wa wafanyakazi. Maelekezo yasiyoeleweka na anayeelekezwa ni pambo la ukuta. Zaidi ya hayo, Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo haikutolewa kwa ajili ya hotuba na sherehe za tarehe 7 Julai pekee.

Wengine watauliza: mkulima wa Garsen ana haja gani na tanuri la ombwe, ilhali anahitaji barabara, tuta la kuzuia mafuriko na bei nzuri? Ni kweli kwamba anavihitaji hivyo, tena kwa haraka. Ni kweli pia kwamba tanuri hili halikaushi maembe ya kuuza. Hukausha gramu chache tu za sampuli, na mkulima ataendelea kutumia jua au kikaushio cha jua. Walakini tanuri hili ni hakimu. Linatoa nambari ambayo kwayo mzigo wake hukubaliwa au hukataliwa. Mtu anayehukumiwa kwa kipimo ana haki ya kuelewa jinsi kipimo hicho kinavyopatikana, ili aweze kuuliza: sampuli yangu ilikaushwa kwa nyuzi ngapi? Ilikuwa katika ombwe au katika tanuri la kawaida? Ilipoa ndani ya kikaushio au juu ya meza? Mkulima anayeweza kuuliza maswali hayo matatu kwa Kiswahili hapunjwi kwa urahisi. Asiyeweza hurudi Ngao na gunia lake, akiamini kwamba kosa ni la embe.

Nini kifanyike

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu, vina muda, na vina lugha. Kila chama kingeweza kuchagua chombo kimoja cha maabara kila mwaka na kukiandikia maelekezo ya ukurasa mmoja. Kazi hiyo ifanywe pamoja na wanafunzi wa sayansi, kwa kuwa kosa la tafsiri katika kipengele cha saba hapo juu ni pampu iliyoharibika, na kosa katika kipengele cha nane ni jeraha. Maelekezo hayo yakishaandikwa, yasipelekwe kwanza kwenye kongamano. Apewe mtu atakayekiendesha chombo, asome mbele ya msimamizi, kisha aoneshe kwa vitendo alichoelewa. Pale mkono wake unaposita ndipo sentensi ilipo na kasoro, na sentensi hiyo iandikwe upya.

Mtihani wa namna hiyo hautolewi sana katika idara za Kiswahili. Tasnifu husomwa na wasahihishaji. Istilahi hupitishwa na kamati. Vyote viwili vina umuhimu wake, lakini hakuna hata kimoja kinachoonesha kama neno limeelewa kazi yake.

Hitimisho

Imebainika kwamba tanuri la ombwe si fumbo. Ni sanduku, pampu, joto la wastani, na kanuni ambayo maji ya Tana huifuata kila siku kutoka mlimani hadi baharini. Imebainika pia kwamba usalama wake unategemea mambo machache yanayosemeka kwa Kiswahili chepesi bila kupunguza ukweli wa kisayansi. Kilichobaki ni utashi. Msimu mwingine wa maembe utafika Garsen, na sampuli itawekwa tena kwenye rafu ya chuma na mtu ambaye jina lake halitaandikwa katika ripoti yoyote. Karatasi iliyobandikwa kando ya mlango wa tanuri ndiyo itakayomwambia afunge vali ipi kwanza. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kuhakikisha kwamba anaweza kuisoma.